Mwaka wa Ubao wa Ukumbini

Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Mei. Mvua ilianza kabla ya jua kutoka, ikakatika saa nne, ikarudi adhuhuri kwa nguvu zaidi, na sasa saa tisa yamebaki manyunyu tu. Njia ya kuingia kwetu hapa Mishomoroni imekuwa dimbwi moja refu, kwa hiyo niliposikia tuktuk ikisimama mlangoni nilidhani imekwama. Alishuka Sidi kwanza, mwanamke wa miaka arobaini na kitu sasa, akafungua mwavuli, akamshika mama yake mkono, na mama yake akatia mguu majini bila kuvua kiatu, akasema kwa sauti ile ile ya zamani, “Wakesho! Siku hizi mwaishi na vyura?” Nilisimama na ufagio mkononi nisijue niuweke wapi. Miaka kumi na moja sijamwona Mama Sidi. Amekuja kutoka Kaloleni kwa ajili ya macho yake, Jumatatu ana miadi na daktari, na atalala kwangu mpaka siku hiyo. Hakuuliza kama kuna nafasi. Alisema tu kwamba atalala.

Tulipokunywa chai alitazama kuta zangu moja moja, akauliza, “Na ule ubao wangu uko wapi?” Nikamwambia ubao haukuwa wake. “Basi wa nani? Si mimi niliyetaka kufa kwa ajili yake?” Akacheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, lakini tumbo lilinishika kidogo, kama linavyonishika kila nikikumbuka mwaka ule. Sidi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, “Ubao naukumbuka, lakini kufa kulikuwaje? Mbona mimi sijui?” Mama yake akamjibu kwamba Wakesho ndiye mwenye kuandika, atamwandikia. Kisha akaenda kujilaza chumba cha watoto, na huku nasikia anavyokoroma. Nina saa mbili hivi kabla ya kushika sufuria. Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari hii, maana shule niliishia darasa la saba, na katika habari yenyewe mwenye makosa ni mimi, na mwenye makosa huwa ana njia zake za kujipaka mafuta. Nitajaribu nisijipake.

Ya nyumbani Taita nayaacha, hayahusiki. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimepanga chumba Changamwe, juu ya barabara ya kwenda Port Reitz, katika nyumba ya Bi Zuhura. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati wenye sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ukiona miguu yako, baraza mbele, uwani nyuma penye bomba na jiko. Bi Zuhura mwenyewe alikaa chumba cha mbele. Nyumba ilinukia vitu viwili: udi wake wa Alhamisi jioni, na mahamri ya Mama Sidi kila alfajiri. Mama Sidi alikuwa chumba kinachotazamana na changu, yeye na mtoto wake wa miaka saba, mume alikuwa ameshafariki. Aliuza mahamri na mbaazi pale barazani kwa watu wanaokwenda kazini, na mimi nilikula kwake kila siku kabla ya kwenda ghala la chai, ambako kazi yangu ilikuwa kushona midomo ya magunia. Mwisho wa ukumbi alikaa Odhiambo, fundi wa kreni bandarini, mtu wa maneno mengi na chupa nyingi. Na chumba cha pili kulia kilikuwa cha Mzee Elkana, mstaafu wa reli, mzee wa kanisa letu, aliyetoka bara miaka mingi na Kiswahili chake kikawa bado kina mlima ndani yake.

Ubao ulikuwa wake. Aliutengeneza kwa mbao za sanduku la chai, akaupaka ule unga mweusi wa betri za tochi, akautundika karibu na mlango wa uwani, mahali ambapo mtu hawezi kwenda kuoga bila kuupita. Kila alfajiri paliandikwa neno la siku. Bi Zuhura ni Mwislamu, na nyumba ni yake, kwa hiyo Mzee alimwomba ruhusa kwanza, na yeye akajibu, “Andika, mradi usinipigie ngoma. Neno jema halinichomi.” Baadaye akawa yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Akitoka kuswali alfajiri, aliniita na mswaki mdomoni, “Wakesho! Leo Wakristo mwaambiwaje?” nami nilimsomea. Mkono wa Mzee ulikuwa umeanza kutetemeka, kwa hiyo yeye alisoma na mimi niliandika. Hapo lazima nieleze desturi yake, maana ndipo kila kitu kiliposimama. Mzee hakuchagua. Alisoma Biblia kwa mfuatano, mwanzo mpaka mwisho, na neno la siku lilikuwa lile lililofuata tu pale uzi mwekundu wa kushikia ukurasa ulipokuwa umelala jana. Kwa hiyo siku nyingine tulipata faraja na siku nyingine tulipata vipimo vya pazia. Odhiambo alimwambia mara moja, “Mzee, leo mimi nimepewa pazia dhiraa ishirini na nane. Nifanye nayo nini huko kazini?” Mzee akamjibu bila kuinua kichwa, “Kapime.”

Mwezi wa nne mwaka ule ndugu yake Mzee aliugua sana huko bara, na Mzee akaenda kumuuguza. Aliniachia Biblia yake kubwa na kipande cha chaki kilichozungushiwa karatasi. “Uzi uko hapa,” akasema. “Anza ulipo. Kila siku kidogo. Na usiwachagulie watu, Wakesho.” Nilisema ndiyo, na nilikuwa na nia ya ndiyo. Kesho yake alfajiri nilifungua penye uzi, kitabu cha Nehemia, nikakuta orodha ya watu waliojenga ukuta wa Yerusalemu. Fulani mwana wa fulani alijenga hapa, na karibu naye fulani, na karibu nao wengine, milango na makomeo, majina ambayo hata kuyatamka nilishindwa. Nilisimama pale na chaki. Nilisikia Mama Sidi anakanda unga, Odhiambo anakohoa. Nikajiuliza, hawa watu wataamka wakute majina ya wajenzi, siku yangu ya kwanza? Watasema Mzee ameondoka na Mungu wake. Nikafunga pale, nikafungua Zaburi, nikaandika moja tamu niliyoijua tangu Shule ya Jumapili. Nilijiambia ni siku ile moja tu.

Wiki mbili nilikaa Zaburini. Mama Sidi, ambaye hakujua kusoma, alisomewa na mwanawe, akasema, “Tangu Mzee aondoke ubao umelainika.” Neno lile lilinipendeza kuliko ilivyopasa. Kisha nikagundua kwamba hata Zaburi zenyewe zina mahali ambapo mstari unaanza kwa upole na kuishia kwa kuvunja meno ya watu, basi nikaandika nusu ya mwanzo nikaacha nusu ya mwisho. Kisha nikachukua nusu ya hapa nikaiunga na nusu ya pale. Kazi yangu ya mchana ilikuwa hiyo hiyo, kushona, na nikiwa ghalani vumbi la chai likinijaa puani nilikuwa nashona maneno kichwani, huyu anahitaji hili, yule anahitaji lile. Siku niliyoandika la kwangu kabisa, lisilo na hata uzi mmoja wa Biblia, lilikuwa la Odhiambo. Liliandikwa hivi: Heri mtu atokaye kazini akaenda nyumbani moja kwa moja, maana chakula chake kitakuwa moto. Alilisoma na taulo begani, akasimama. “Wueh,” akasema. “Leo Mungu amenitaja, amesahau jina tu.” Siku tatu mfululizo alirudi mapema. Sitadanganya kwamba niliona haya. Niliona fahari. Nikaandika na mengine, na Mama Sidi alipoyasikia alifuta macho kwa ncha ya leso, na mimi nikadhani nina kipawa.

Huku Mama Sidi alikuwa anaugua na tulikuwa hatujui ni kiasi gani. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, anatokwa damu, anakanda unga ameegemea ukuta. Bi Zuhura ndiye aliyempeleka hospitali kwa nguvu, na daktari akasema lazima apasuliwe, akampa siku, Jumatano. Alirudi akafunga kikapu: leso mbili, beseni, chupa ya chai, sabuni. Lakini Jumatatu jioni tulikuwa uwani tunachambua mchele na akaniambia sababu ya woga wake. Dada yake alifia kwenye meza ya kupasuliwa, miaka mingi nyuma. Nilimuuliza vizuri, akanieleza kwamba dada alikuwa amekaa nyumbani na damu muda mrefu mno kabla ya kupelekwa, kwa hiyo siwezi kuwalaumu madaktari. Ila Mama Sidi hakukumbuka kukaa nyumbani. Alikumbuka ile meza. “Mimi nikifa,” akasema, “Sidi ni wa nani?” Nikazidi kupepeta mchele. Akasema, “Nitangoja ubao. Kesho ubao ukisema niende, nitakwenda. Ukisema nisiende, siendi.”

Ningeweza kumwambia pale pale. Nimelifikiria jambo hili miaka thelathini na minane, na bado naona dakika ile imesimama wazi kama mlango, na mimi naupita bila kuingia. Nilitaka asiogope, hilo ni kweli, wala sikutaka abaki nyumbani, hilo nalo ni kweli. Usiku sikulala vizuri, na alfajiri ya Jumanne niliandika: Tulia mahali pako, mwanangu, mkono wa Bwana utakujia hapo hapo ulipo na kukugusa. Nilikuwa na maana ya moyo, atulie moyoni. Chini yake nikaandika Isaya, kwa sababu Odhiambo siku hizo alikuwa ameanza kuuliza maneno yametoka wapi. Kuandika jina lile ndilo jambo ninaloonea aibu kupita yote. Sidi alimsomea mama yake polepole, kidole ukutani, na Mama Sidi akapiga magoti pale pale ukumbini. Nikaenda kazini nikiwa nimefurahi.

Niliporudi alasiri Bi Zuhura alikuwa barazani amekaa juu ya mkeka, tasbihi mkononi. “Shikamoo, Bi.” “Marahaba. Njoo hapa. Hebu nisomee tena lile la leo.” Nililijua kwa kichwa, nikalisema. Akauliza, “Limetoka wapi?” Nikasema Isaya. “Isaya pahali gani? Nakuuliza kwa sababu kwetu sisi, ukisema Mungu kasema, waulizwa wapi. Huwezi kumtilia Mungu maneno mdomoni, hata yawe asali.” Nikatazama mkeka. Alizungusha tasbihi punje kama tano. “Basi nimeshajibiwa,” akasema. “Sasa sikiliza. Yule yuwatoa nguo kikapuni. Asema kesho haendi, Mungu wenu kamwambia akae papo hapo. Ameroweka mbaazi za kesho, wallahi nimemuona. Mimi sitamwambia neno, kwani mdomo uliosema si wangu. Lakini mtoto yule ni wa miaka saba, Wakesho.” Sikuwahi kuisikia ile sentensi yangu hivyo, kwa masikio ya mtu mwingine. Mahali pako. Hapo hapo ulipo. Nilikuwa nimemwandikia mwanamke anayekwisha damu abaki nyumbani kama dada yake.

Nilipita ukumbi ule mfupi na naapa ulikuwa mrefu. Niliogopa vitu vingi kwa pamoja: kwamba watanifukuza, kwamba Mzee atasikia, na zaidi kwamba wote waliopata nguvu kwa maneno yangu watazitupa kwa siku moja, na pengine watatupa na yale ya kweli. Hofu hii ya mwisho haikuwa ya bure na siifuti. Uwani Mama Sidi alikuwa ameinama juu ya beseni la mbaazi, anatoa zile mbovu. Odhiambo alikuwa anasugua ovaroli kwenye bomba. Nikasema kwa haraka kabla sauti haijanikimbia, “Mama Sidi, lile neno la leo si la Biblia.”

Hakuinua uso. “Ni la wapi?”

“Ni langu. Nililitunga. Nilitaka usiogope.”

Odhiambo aliacha kusugua. Bomba likawa linamwagika tu. Mama Sidi akasema, “La Ijumaa?”

“Lile ni Zaburi, lakini nililikata.”

“Na lile la mtoto wa mjane kulala salama? Lile lililoniliza?”

“Langu.”

“Ngoja, ngoja kwanza,” Odhiambo akasema. “Ile ya kwenda nyumbani moja kwa moja, chakula moto?”

“Langu.”

“Wewe msichana! Siku tatu mimi nakunywa chai kwa sababu yako?” Pengine alitaka tucheke. Hakuna aliyecheka, naye akafunga bomba. Mama Sidi alikung’uta mikono yake, akaikausha kwa leso, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, “Kalete kitabu. Nisomee la kweli. Lile ambalo Mzee angesoma.”

Nilileta ile Biblia kubwa, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua penye uzi mwekundu, mahali nilipopakimbia siku ya kwanza. Uzi ulikuwa haujasogea. Nikasoma orodha ya wajenzi. Fulani alijenga, na karibu naye fulani, na karibu nao watu wa mji fulani, na mmoja alijenga pamoja na binti zake, na mwingine mbele ya nyumba yake mwenyewe. Majina yalinikwama kooni na nikayarudia. Nilisoma mpaka mwisho bila kuruka, huku nikifikiri, hili ndilo la kumpa mtu anayekwenda kupasuliwa? Nilipomaliza, Mama Sidi alimwaga maji ya mbaazi, akaliweka beseni mbele ya Bi Zuhura, aliyekuwa amenifuata hadi mlango wa uwani, akamwambia, “Zipikeni wenyewe. Mimi kesho sipo.” Kisha akanigeukia mimi. “Na wewe utakuja. Utakaa huko mpaka nitoke. Usiniletee neno lolote.” Miaka yote nimeamini ni yale majina yaliyomgeuza, zile karibu naye, karibu naye, na nimewaambia wanawake wa kanisani hivyo zaidi ya mara moja.

Jumatano mpwa wa Bi Zuhura alitupeleka kwa pikapu yake. Alfajiri ile nilifuta ubao kwa kitambaa chenye maji nikaandika majina ya wajenzi watatu wa kwanza, na Odhiambo akayasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita sajili. Nilikosa kazi siku ile. Nilikaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali kuanzia saa mbili, na sikuomba kwa maneno mazuri, kwa sababu kila neno zuri lililonijia nililishuku kwamba ni langu. Nilisema tu, Bwana, ni yule, unamjua. Saa nane alitoka muuguzi mnene mwenye viatu vya raba, akaita, “Wa Mama Sidi yuko?” Nikainuka. Akasema amepasuliwa vizuri, analala, na akaongeza akiwa anaondoka, “Mwambieni asingoje hivyo siku nyingine. Mwezi ungeisha vibaya.” Nikakaa chini kwenye sakafu, na mama mmoja nisiyemjua akanipa ndizi, nikaila yote nikilia. Sijawahi tena kula ndizi tamu vile, na nimekula nyingi.

Mzee alirudi mwezi wa sita. Nilimwambia siku ile ile, barazani, kabla hajavua viatu, kwa sababu nilijua nikilala nalo sitalisema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, “Uzi?” Nikamwambia kwamba uzi sasa unasogea, uko mbele kidogo ya pale alipouacha. Akaingia chumbani mwake, akakaa muda, nami nikasikia anavuta sanduku chini ya kitanda. Nikadhani anatafuta ubao mwingine au mwandishi mwingine. Alitoka na daftari jipya la jalada la samawati. “Una maneno,” akasema. “Si vibaya kuwa na maneno. Yako andika humu. Ya ubaoni tumwachie mwenyewe.” Kesho yake alfajiri nilikuwa nimejifunika shuka, nimeshajiambia kwamba sitatoka, nikasikia fimbo yake mlangoni. “Wakesho. Chaki.” Nilitoka na nywele zangu zimesimama. Aliponisomea, neno lenyewe lilikuwa la hesabu ya punda na ngamia waliorudi kutoka uhamishoni, na niliandika hesabu ile ya punda huku machozi yanadondoka, na mkono wangu haujawahi kuwa mwepesi vile. Daftari lile ndilo la kwanza. Hili ninaloandika ni la arobaini na moja. Mzee aliishi miaka mingine tisa, na Bi Zuhura kumi na mitatu, Mungu awarehemu. Ubao uliliwa na mchwa.

Siku hizi neno la asubuhi linakuja kwenye simu, na kina mama wa kanisa letu wamenipa mimi kazi ya kulituma. Nalituma kwa mfuatano, na mahali lilipotoka naandika wazi. Wengine wananilalamikia kwamba leo nimewatumia ukoo wa watu wasiowajua. Nawajibu kwamba karibu tutafika mahali pengine. Zamani nilidhani Mungu anahitaji kusaidiwa awe mpole. Sasa nikiogopa, na bado naogopa mara nyingi, nakaa karibu na neno lililopo hata kama silielewi, na sikumbuki kwamba nimewahi kuachwa hapo. Sisemi kwamba ni hivyo kwa kila mtu. Nasema yangu, humu, ndimo mahali pake.

Nilikuwa nimefika hapo Mama Sidi alipoamka. Alikuja jikoni, akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia kama ni yake, akasema, “Soma. Sidi naye asikie.” Basi nikawasomea yote, huku nazi ikishuka sahanini. Sidi alisikiliza ameshika mdomo. Nilipofika kwenye majina ya wajenzi, Mama Sidi akasimamisha mkono.

“Hapo umekosea,” akasema.

“Wapi?”

“Majina gani? Mimi sikusikia hata jina moja. Nilikuwa nautazama mdomo wako unavyokwenda, nikasema, huyu mtoto alitaka kuniua kwa mdomo huu huu. Nilikwenda hospitali kwa hasira, Wakesho. Nilisema nife kwa uvimbe, nisife kwa uongo wa msichana wa magunia.”

Nililaza daftari mapajani. Miaka thelathini na minane. Nikamuuliza, “Kwa hiyo imani haikuwepo?”

“Ilikuja huko huko ndani. Hasira ilinifikisha mlangoni, ikaniacha hapo. Waliponiwekea kile kinyago cha dawa ya usingizi nikatafuta neno la kushika, sina. La kwako nimelitupa, la kweli sikulisikiliza. Nikasema, Mungu, sina neno, nipokee hivi hivi. Basi woga ukaondoka. Hivi, kama mtu aliyeondoa mkono wake kifuani pangu.” Akaendelea kukuna. “Hilo ndilo uandike. Wala usilipambe.”

“Na hasira yako juu yangu? Iliisha lini?”

“Mwaka na nusu. Kwani hukuona nilikuwa nakupa mahamri ya jana?”

Sidi alipiga kelele ya kicheko. Kumbe! Mwaka na nusu nilikula mahamri magumu nikidhani ni upendo, kwamba ananiwekea akiba. Nilicheka nikashika ukuta, na ndani ya kicheko kitu kilichokuwa kimekaa tumboni mwangu tangu ubao ule kikalegea, kikaenda zake. Nikamuuliza kama sasa imekwisha kabisa.

“Nimekuja kulala nyumba ya vyura,” akasema. “Wauliza?”

Nimelisahihisha kwa kuongeza, sikufuta kitu, ili ionekane nilivyokuwa nimeamini. Kisha tukala: wali wa nazi, mbaazi, na mchicha kidogo uliosalimika na mvua. Sidi aliongeza mara mbili. Mama Sidi akaomba ukoko, nikamkwangulia sufuria yote.